Urithi wa Holokosti: mtoto wa manusura aanzie wapi?

Kati ya 1946 na 1950, zaidi ya watoto 2,000 walizaliwa katika kambi ya wakimbizi wa Kiyahudi ya Bergen-Belsen, kaskazini mwa Ujerumani, jirani kabisa na makaburi ya halaiki ya kambi ya mateso yenye jina hilohilo. Wazazi wao walikuwa watu waliopoteza karibu kila mtu katika Holokosti, yaani mauaji ya Wayahudi wa Ulaya yaliyofanywa na Wanazi wa Ujerumani. Wengine walioana wiki chache tu baada ya kukutana, bila mshenga na bila wakwe wa kupigiwa hodi, maana wakwe walikuwa wameuawa. Watoto wakapewa majina ya marehemu: babu, shangazi, na mara nyingine kaka au dada wa kambo waliouawa kabla wao hawajazaliwa.

Hao ndio wanaoitwa kizazi cha pili. Leo wengi wamevuka miaka 70, lakini bado wapo wanaojiuliza wafanye nini na historia ambayo hawakuiishi ila waliamka nayo na kulala nayo: mama anayeficha mkate kabatini, baba anayepiga kelele usiku, nyumba ambayo mtoto akichelewa kurudi nusu saa tu tayari ni msiba. Wajukuu nao wameanza kuuliza.

Njia kubwa zilizojaribiwa ni nne: kumkalisha mzazi na kumsikiliza, kufukua nyaraka, kusafiri hadi mahali penyewe, na kukaa na wenzako waliolelewa katika nyumba kama yako. Ninazilinganisha kwa ajili ya mtu aliyekwama, awe mzao wa manusura wa Ulaya au mtu wa huku kwetu aliyebeba historia ya aina hiyo.

Kwanza, mzigo wenyewe una uzito gani?

Swali hili lina kelele nyingi, na ukilianza vibaya utachagua njia kwa woga. Mwaka 1966 Vivian Rakoff, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa Montreal, aliandika juu ya vijana waliozaliwa na manusura na kuletwa kwake kutibiwa. Walivyokuwa wameumia, ungedhani ni wao waliopita kambini, si wazazi wao. Maandishi hayo yalifungua uwanja mzima wa utafiti, na kwa miaka mingi picha ikabaki hiyo: mtoto wa manusura ni mgonjwa.

Baadaye picha ilibadilika. Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi na Israel walikusanya tafiti zilizokuwa na sampuli 32 na washiriki zaidi ya 4,000. Watoto wa manusura waliopatikana katika jamii ya kawaida hawakuonekana kuwa na kiwewe kuliko watu wengine. Tatizo lilijitokeza kwa wale waliopatikana kupitia kliniki, yaani watu ambao tayari walikuwa wanatafuta msaada. Hata hivyo, mwanasaikolojia wa Israel Zahava Solomon alikuwa ameonyesha mwaka 1988 kwamba miongoni mwa wanajeshi waliovunjika kisaikolojia katika vita vya Lebanon vya 1982, waliozaliwa na manusura walichukua muda mrefu zaidi kupona. Ukiweka matokeo hayo pamoja unaona kwamba wengi wako sawa siku za kawaida, lakini dhoruba inapokuja kidonda cha nyumbani kinaweza kuchelewesha kupona.

Kuhusu habari kwamba kiwewe hurithiwa ndani ya chembe za urithi: utafiti wa Rachel Yehuda wa New York, uliotoka 2015, uliangalia alama za kikemikali kwenye jeni moja, kwa manusura 32 na watoto wao 22. Vichwa vya habari vikaugeuza kuwa hukumu ya ukoo mzima. Sampuli ni ndogo mno, na wanasayansi wengine walisema hivyo mapema. Mtu akikuambia huzuni yako imeandikwa kwenye DNA, hasa akiwa ana tiba ya kukuuzia, mwache na biashara yake.

Vigezo

Nimeitazama kila njia kwa mambo manne: inajibu swali gani, inadai nini kwa pesa, muda na moyo, mzigo wake unamwangukia nani, na inakwamia wapi. Kisha nasema inamfaa nani.

Kumkalisha mzazi

*Inachojibu.* Mambo ambayo hayamo katika faili lolote: bibi alipika nini Ijumaa jioni, nani aligombana na nani, mjomba gani alikuwa mcheshi. Familia nyingi za Kiyahudi za Poland au Hungaria zimebaki na picha moja au hawana kabisa, na kumbukumbu ya mtu mmoja ndiyo mlango pekee wa kuingia katika nyumba ya kabla ya 1939.

*Inachodai.* Pesa si nyingi, simu yenye kinasa sauti inatosha. Inadai haraka. Shirika la Claims Conference, linaloshughulikia fidia za manusura, lilikadiria mwanzoni mwa 2024 kwamba waliobaki hai duniani ni kama 245,000, na nusu yao wana umri wa zaidi ya miaka 86. Kwa hesabu hiyo wengi walikuwa watoto wakati wa vita, kwa hiyo unachopata ni kumbukumbu ya mtoto: harufu ya ghala alimofichwa, viatu vya askari, mkono wa mama ukiachia. Usitegemee tarehe.

*Mzigo.* Unamwangukia mzee, na hapa nisingependa mtu ajidanganye. Yael Danieli, mwanasaikolojia aliyeanzisha mwaka 1975 mradi wa kuwasaidia manusura na watoto wao jijini New York, alieleza ukimya wa pande mbili: wazazi hawasemi ili wasiwaumize watoto, watoto hawaulizi ili wasiwaumize wazazi, na jamii ya nje haitaki kusikia. Ukivunja ukimya huo bila maandalizi, jinamizi la usiku linaweza kurudi kwa mtu wa miaka 88 anayeishi peke yake. Mwombe ruhusa, mpe haki ya kusimamisha mazungumzo, na usiondoke mara tu mnapomaliza. Kunywa naye chai kwanza.

*Inapokwamia.* Wapo wasiosema hadi kaburini. Katika Israel yenyewe wengi walinyamaza mpaka kesi ya 1961 ya Adolf Eichmann, ofisa wa Kinazi aliyepanga usafirishaji wa Wayahudi kwenda kambini, pale mashahidi waliposimama kizimbani Jerusalem na nchi nzima ikasikiliza redioni. Na mzazi anayeshindwa kumwambia mwanawe mara nyingi humwambia mjukuu. Waliokusanya shuhuda za video katika miaka ya 1990 kwa ajili ya Shoah Foundation, iliyoanzishwa na Steven Spielberg mwaka 1994 na sasa ina shuhuda zaidi ya 50,000, walianza na maisha ya kabla ya vita, wakamaliza na ya baada ya vita, na mwishoni wakawaita wanafamilia mbele ya kamera. Mpangilio huo ni wa kuiga. Ukianza na kambi, mazungumzo yanaishia hapohapo kambini.

*Inamfaa* mwenye mzazi au bibi aliye hai na ambaye, hata kwa kudokeza tu, ameonyesha kutaka kusema.

Kufukua nyaraka

Hii ndiyo njia inayobadilisha watu bila wao kutarajia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

*Inachojibu.* Lini, wapi, pamoja na nani. Hifadhi kubwa ni ya Arolsen, katika mji mdogo wa Bad Arolsen nchini Ujerumani: nyaraka zaidi ya milioni 30 zinazogusa watu wapatao milioni 17.5. Zilifungiwa umma hadi 2007. Sasa sehemu kubwa imewekwa kwenye intaneti, na kutafuta ni bure. Humo zimo kadi za usajili za wakimbizi wa baada ya vita, ambazo wengi huzipita haraka kwa sababu hazina neno la kutisha. Usizipite. Kadi hizo zina hali ya ndoa, jina la mama kabla hajaolewa, kazi, lugha anazojua mtu, alikokuwa akiishi mwanzoni mwa 1938, na nchi aliyotaka kwenda. Mtu aliyemjua baba yake kama fundi cherehani wa Brooklyn anaweza kukuta kwamba mzee alijua lugha nne na alitaka kwenda Palestina.

Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu ya Holokosti iliyoko Jerusalem, nayo imekusanya majina yapatayo milioni 5 kati ya milioni 6 ya waliouawa. Mengi yametoka kwenye kurasa za ushuhuda zilizojazwa na ndugu na majirani. Kwa hiyo unaweza pia kupeleka, si kuchukua tu: kama jina la shangazi yako halimo, wewe ndiye wa kuliandika.

*Inachodai.* Uvumilivu kuliko pesa. Jina moja la Kiyahudi la Poland linaweza kuandikwa kwa namna kumi, kutegemea karani alikuwa Mjerumani, Mrusi au Mmarekani. Tarehe za kuzaliwa zilidanganywa kwa makusudi: kijana wa miaka 14 aliyesema ana 17 mbele ya daktari wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi, pale kwenye kambi ya Auschwitz nchini Poland aliokoa maisha yake, kisha akabaki na umri huo kwenye karatasi.

*Mzigo.* Unakuangukia wewe, na unakuja bila onyo. Wapo waliogundua wakiwa watu wazima kwamba baba alikuwa na mke mwingine na watoto wawili kabla ya vita, na kwamba hata jina lao wenyewe lilikuwa la mmoja wa watoto hao. Amua kabla hujafungua kama utamwambia mzazi aliye hai ulichokipata. Kwangu mimi hilo ni swali gumu kuliko lolote katika makala hii, na sioni jibu linalofaa kila nyumba.

*Inapokwamia.* Wauaji waliandika walichotaka kuandika. Auschwitz ilipokea watu wapatao milioni 1.3, lakini waliosajiliwa na kupewa namba ni kama 400,000. Walio wengi walipelekwa moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi, bila kadi wala namba. Na kule Ukraine, Belarus na nchi za Baltiki watu walipigwa risasi kando ya mashimo. Ripoti ya Kijerumani kuhusu bonde la Babi Yar, Kyiv, la Septemba 29 na 30, 1941, inataja Wayahudi 33,771. Idadi hadi mtu wa mwisho, lakini majina hamna. Mwenye asili ya huko ajiandae kupata karatasi chache.

Kuna pia faida ya kisheria. Katiba ya Ujerumani inawapa wazao wa waliovuliwa uraia na Wanazi haki ya kuurudisha, na sheria ya 2021 ilipanua mlango huo. Austria ilifungua wake Septemba 2020. Wapo wanaoiona pasipoti hiyo kama haki iliyochelewa, na wapo wasiotaka hata kuisikia. Wote wana sababu.

*Inamfaa* ambaye wazazi wamekwisha kufariki, au mtu anayetulia akiwa na uhakika mkononi kuliko akiwa na hisia.

Kusafiri hadi mahali penyewe

*Inachojibu.* Ukubwa na umbali. Hakuna maelezo yanayokuandaa kwa Birkenau, sehemu kubwa ya kambi ya Auschwitz, ilivyo pana, au kwa jinsi kituo cha treni kilivyo karibu na nyumba za watu.

*Inachodai.* Pesa nyingi: nauli, malazi, mkalimani, na kwa wengi wetu wenye pasipoti za Afrika, viza ya Schengen. Kuingia makumbusho ya Auschwitz, yaliyoanzishwa 1947, ni bure, ila nafasi huombwa mapema.

*Mzigo.* Wewe na uliofuatana nao. Usiende peke yako.

*Inapokwamia.* Mara nyingi hakuna kitu cha kuona. Treblinka, kambi ya mauaji nchini Poland walikouawa karibu watu 900,000, ilibomolewa na Wanazi wenyewe mwaka 1943 na ardhi ikalimwa. Leo kuna uwanja wa mawe 17,000 na msitu. Kijijini kwa babu nako unaweza kukuta nyumba ipo, ina watu, na wanakutazama kupitia pazia wakidhani umekuja kudai mali. Hofu hiyo ni ya kweli Poland, ingawa sheria ya 2021 iliwabana sana wenye madai ya namna hiyo. Bisha hodi ukiwa na mkalimani, sema mapema hutaki nyumba.

Safari ndogo yenye thamani, kwa maoni yangu kubwa kuliko ya kambi, ni ile ya kwenda kuweka kijiwe cha shaba. Msanii Gunter Demnig alianza kazi hiyo Cologne mwaka 1992: kibao cha sentimita 10 kwa 10 kwenye njia ya miguu, mbele ya nyumba ya mwisho aliyoichagua mtu mwenyewe, chenye jina, mwaka wa kuzaliwa na kilichompata. Vimeshapita 100,000 katika nchi nyingi za Ulaya. Hapo unamkumbuka marehemu alipoishi, si alipouawa, na majirani wa leo mara nyingi hutoka kusimama nawe. Si wote wanaovipenda. Mji wa München hauviruhusu kwenye ardhi ya umma, na miongoni mwa Wayahudi wa huko wapo wanaosema majina ya wafu hayapaswi kukanyagwa.

*Inamfaa* aliyekwisha kujua kitu. Kwenda bila mazungumzo wala nyaraka ni utalii wa majonzi.

Kukaa na wenzako

*Inachojibu.* "Ni mimi peke yangu niliyekulia hivi?" Vikundi vya watoto wa manusura vilianza Marekani katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1979 ulifanyika mkutano wao New York, na 1981 wakakutana Jerusalem pamoja na wazazi wao. Israel ina AMCHA, shirika la msaada wa kisaikolojia lililoanzishwa 1987, linalohudumia manusura na watoto wao.

Danieli aliona nyumba za aina tofauti: zilizojaa hofu na maombolezo, zilizoganda bila hisia, za wapiganaji wasioruhusu udhaifu, na za waliofanikiwa kimaisha huku wakizika yote. Mtu akisikia mwenzake akieleza nyumba yake mwenyewe neno kwa neno, kitu hulegea kifuani. Hilo halipatikani kwenye faili.

*Inachodai.* Muda wa kurudia, wiki kwa wiki, na kiongozi anayejua kazi yake.

*Mzigo.* Unagawanywa, na hiyo ndiyo nguvu yake kubwa.

*Inapokwamia.* Mashindano ya mateso. Katika vikundi vya mwanzo mtoto wa aliyetoka Auschwitz alihesabiwa, na mtoto wa aliyekimbilia Muungano wa Sovieti akajiona hana haki ya kulia. Hatari ya pili ni kuufanya msiba wa wazazi kuwa utambulisho wako wote.

Kuna sura nyingine ya njia hii, ngumu zaidi. Mwanasaikolojia Dan Bar-On wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion alianza 1992 kuwakutanisha watoto wa manusura na watoto wa Wanazi. Miongoni mwa hao wa pili alikuwamo Martin Bormann, mtoto wa katibu wa Hitler, ambaye alikuwa padri na akafanya umisionari Kongo kuanzia 1961 hadi uasi wa Simba ulipomlazimu kukimbia 1964. Watoto wa wauaji nao walikuwa na ukimya wao nyumbani, wa aina nyingine. Mikutano hiyo haikukusudiwa kusameheana. Waliketi, wakasimuliana, wakarudi tena mwaka uliofuata. Simshauri mtu aanzie hapa.

*Inamfaa* anayejua historia ya kutosha lakini bado halali vizuri, au anayeona anawalea wanawe kwa hofu ileile aliyolelewa nayo.

Na kuacha je?

Inaruhusiwa. Utafiti wa 2003 haukukuta kwamba asiyefukua anaharibikiwa. Wengine wanawasha mshumaa siku ya kumbukumbu, wanafanya kazi zao, na inatosha. Ila mwachie mwanao ufunguo: andika majina na miji kwenye karatasi moja, uiweke mahali itakapoonekana.

Kwa walio Rwanda, Burundi na Kongo

Uhusiano upo, na si wa maneno tu. Kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom, kilichofunguliwa Rwamagana mwaka 2008 na Anne Heyman, kilijengwa kwa kuiga Yemin Orde ya Israel, iliyowapokea yatima wa Holokosti. Wanafunzi manusura wa Rwanda walianzisha umoja wao, AERG, mwaka 1996, miaka miwili tu baada ya mauaji. Watoto wa manusura wa Ulaya walisubiri karibu miaka 30 kupata vikundi vyao.

Lakini mizani inabadilika. Safari ambayo kwa Myahudi wa Toronto ni maelfu ya dola, kwa kijana wa Huye ni basi la asubuhi. Na mtoto wa aliyeua huenda ni jirani yake wa dawati. Kwa hiyo kusafiri ni rahisi kwa pesa na kuzito kwa moyo, na kikundi kinahitaji kiongozi aliyekomaa zaidi. Kwa upande wa nyaraka, kumbukumbu za mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha hadi 2015 bado zinatunzwa mjini humo, na nyingi za mashauri ya wazi zinasomeka. Waathirika wengi wametajwa humo kwa alama za siri ili kuwalinda. Usijaribu kuzifumbua.

Uanzie wapi, kwa hali yako

Mzazi yu hai na anadokeza: anza naye wiki hii, nyaraka zitasubiri. Usimpeleke kambini kwa lazima ati aage. Wengine wameomba kwenda, wengine wameapa kutokanyaga Poland tena, na wote waheshimiwe.

Mzazi yu hai lakini hataki: mtume mjukuu, au nyamaza naye. Wakati huo tafuta kimyakimya kwenye hifadhi, ukiwa umeshaamua utakachokifanya na matokeo.

Wazazi wamefariki: nyaraka kwanza, safari baadaye. Anza na kadi ya baada ya vita kisha urudi nyuma, kwa sababu kadi hiyo ina jina la mama na mji wa 1938, na bila hivyo viwili utapotea.

Hulali, unafoka, au unashindwa kumwacha mtoto aende safari ya shule: kikundi au mshauri kabla ya yote. Kufukua ukiwa katika hali hiyo kunaongeza kuni.

Una mtoto mdogo anayeuliza bibi wa bibi yake alikwenda wapi: mwambie jina lake, mji wake na alichopenda kula. Kilichompata, mwambie kwa sentensi moja ya kweli, isiyo na picha, na umwache aulize zaidi akiwa tayari.